Kura Yangu Iliyovuka Daraja

Jumapili, 24 Septemba

Wakati wa mpira leo nimehesabu matangazo ya kampeni kwenye televisheni. Kumi na saba. Yote yanamwomba mpiga kura wa Wisconsin. Hakuna hata moja lililomwomba Arvid Tollefsrud wa Vesterby, Minnesota. Na Wisconsin naiona kutoka dirisha la choo changu! Katikati kuna mto na daraja, basi.

Hivi ndivyo tunavyochagua rais nchi hii. Kila jimbo lina wajumbe wake, ambao ndio wanaomchagua rais, na mgombea anayeshinda jimbo, hata kwa kura moja, anawazoa wajumbe wote. Jimbo letu limechagua chama kile kile tangu nikiwa mtoto wa shule. Nikikipigia, kura yangu ni moja juu ya rundo. Nikikinyima, ni moja chini ya rundo. Wisconsin wanakabana koo kila mara, kwa hiyo wagombea wanakwenda kule kula jibini na kubeba watoto wa watu. Nina miaka sitini na mitatu. Hakuna mgombea aliyewahi kuvuka daraja kuja kunijulia hali.

Nimemweleza Marlys, mke wangu, kwamba hii si demokrasia, ni dharau. Alikuwa anakunja vipeperushi vyake. Anagombea umeya wa Vesterby, watu mia mbili na themanini pamoja na wachanga. Mpinzani wake ni jirani yetu Duane Kjos, ambaye anataka kukifunga chumba cha maktaba katika ofisi ya mji ili aweke mashine ya kuondolea theluji. Marlys ameitunza maktaba hiyo miaka kumi na tisa. Aliniambia kama nina hasira za bure nizitumie kukunja karatasi.

Nikakunja sita. Mgongo ukaniuma.

Alhamisi, 28 Septemba

Nimegombana na Duane kwenye mkahawa, mbele ya watu. Anasema mpango wa wajumbe ni mzuri, maana bila huo New York na California wangetuchagulia rais. Nikamuuliza sasa hivi ni nani anayetuchagulia. Si watu wa ng'ambo ya mto, wanaovaa kofia zenye umbo la jibini kwenye mpira? Akasema afadhali hao, angalau wanajua kukamua ng'ombe. Nikasema kura ya mtu ni kura ya mtu, iwe ya Los Angeles au ya zizini. Hoja nzito.

Halafu akasema, "Arvid, bwana, hata kura yako ikihesabiwa mara kumi itabadilisha nini? Wewe nyumbani kwako hata rimoti huipati."

Walicheka wote. Hata Ardis Quammen, mpiga kinanda wa kanisa, mwanamke ambaye hacheki hata kwenye harusi. Nimetoka bila kumaliza pai. Nilikuwa nimeshailipia.

Jumamosi, 7 Oktoba

Nimepata njia! Nashangaa hakuna aliyeifikiria kabla yangu.

Wisconsin ukikaa siku ishirini na nane kabla ya uchaguzi unakuwa mpiga kura wao. Binamu yangu Gordy anakaa kule, dakika nane kutoka hapa, na ana trela la kulala nyuma ya ghala lake. Nimempigia simu. Amekubali, kwa sharti moja: bendera ya timu yao ya mpira, ya kijani na manjano, ipepee juu ya trela muda wote nitakaokuwa ndani. Mimi ni mtu wa timu ya kwetu Minnesota, ya zambarau, tangu tumboni mwa mama. Nimemeza. Demokrasia ina gharama zake.

Marlys nimemwambia paa la Gordy linavuja na nitalala huko mpaka nilimalize. Aliniuliza paa gani la mwezi mzima. Nikasema ni paa kubwa. Akasema sawa, ila Jumanne ile ya kura niwe hapa. "Ahadi nilizonazo ni themanini na tano pamoja na kura yangu, wewe ukiwa wa kwanza," alisema. Nikamwambia asihangaike, nani atampigia Duane Kjos? Hata mbwa wake humkimbia.

Sikudanganya. Sikusema nitakuwepo. Nilisema asihangaike.

Jumanne, 10 Oktoba

Nimekuwa raia wa Wisconsin. Karani aliniuliza kama nina nia ya kuishi hapa. Nilisema ndiyo kwa sauti kubwa. Nia ninayo. Ni ya siku ishirini na nane.

Wamechukua leseni yangu ya udereva ya Minnesota na kunipa yao. Kwenye picha ninaonekana mtu aliyeambiwa habari za msiba. Nimeificha kwenye pochi, nyuma ya kadi ya kliniki.

Trela linanuka samaki wa mwaka juzi.

Jumatano, 18 Oktoba

Wamebisha hodi! Wapiga kampeni, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nilikuwa nimewaandalia kahawa na maelezo ya kurasa saba kuhusu bei ya maziwa, barabara, na kwa nini televisheni ifundishwe adabu.

Alikuwa mama mmoja anayeitwa Renata, daktari wa meno mstaafu. Alisoma maswali yake kwenye simu. Aliuliza nitampigia nani. Nikamwambia. Akagusa simu mara moja, akashukuru, akageuka kuondoka. Nikamwambia asubiri, kuna kurasa saba. Akasema kwenye simu yake hakuna mahali pa kurasa saba.

Nikamuuliza ametoka wapi. California! Amepanda ndege kwa gharama yake, kwa sababu kwao kura yake haina kazi. Nikamwambia yangu pia haikuwa na kazi. Akasema hapana, yake ndiyo haina kazi kabisa, kwao wamerundikana milioni kwa mamilioni. Nikasema mimi nimelala kwenye samaki. Tulibishana pale mlangoni kama robo saa nani amedharauliwa zaidi na katiba. Hakukubali kushindwa. Watu wa California hawajui kusikiliza.

Gordy hafungui mlango tangu Agosti. Simu nayo ameichomoa ukutani wiki hii. Anasema angetoa trela na ghala ili rais achaguliwe na watu wengine, popote walipo, naye aachwe ale chakula chake kwa amani. Nikamwambia hajui alichonacho. Akasema kama nakitaka nichukue na simu.

Jumatano, 25 Oktoba

Mgombea wangu amekuja kwenye duka la jibini! Nilisimama kwa muda wa saa nne kwenye mvua. Nimemshika mkono, huu wa kulia, sijaunawa. Aliniuliza kama mimi ni mwenyeji. Nikamwambia nimezaliwa hapa hapa. Gordy alicheka mpaka akakohoa na kutolewa nje na walinzi.

Alishika mkono wangu, nilihesabu, sekunde mbili. Kule Minnesota nimengoja miaka sitini na mitatu.

Jumapili, 29 Oktoba

Balaa. Duane alikuja ng'ambo kununua betri akaiona bendera, kisha akaniona mimi chini yake, nikianika soksi. Amepiga picha. Leo ilizungushwa kanisani wakati wa kahawa. Marlys amenipigia simu. Anasema watu wanamuuliza kama meya mtarajiwa ana mume wa timu ya kijani. Mzee mmoja amemwambia wazi kwamba angesamehe ulevi, lakini hili hapana.

Nikamwambia ni sharti la Gordy, bila bendera hakuna ngazi, na bila ngazi hakuna paa. Akaniuliza kama nakula vizuri. Akasema ameniokea viazi na nyama ya kusaga, vipo kwenye friza, nitavikuta Jumanne ile nikija kupiga kura. Akasema pia anaogopa. Miaka kumi na tisa, alisema, na sasa kila kitu kiko kwa watu kumi au kumi na wawili ambao hawajaamua.

Nilitaka kumwambia. Mtandao ukawa mbaya. Kwa kweli haukuwa mbaya, nilikata.

Jumanne, 7 Novemba

Nimepiga kura saa moja asubuhi, mtu wa nne kwenye mstari. Karatasi ile niliitumbukiza polepole, kwa mikono miwili. Kura inayohesabika! Wamenipa kibandiko cha kifuani. Sikukitoa hata wakati wa kuoga.

Marlys amepiga simu mara tatu. Mara ya kwanza kuuliza niko wapi. Mara ya pili kuniambia mstari si mrefu, nije tu. Mara ya tatu nilimtumia ujumbe: usihangaike, imeshafanyika. Na kweli ilikuwa imeshafanyika.

Jumatano, 8 Novemba

Mgombea wangu ameshindwa Wisconsin. Si kwa kura moja. Kwa kura elfu kumi na nne na mia mbili na kitu. Wajumbe wote kumi wamezolewa na yule mwingine.

Nchi nzima mgombea wangu amepata watu wengi kumzidi mwenzake, karibu milioni moja. Ameshindwa urais. Nimeisoma mara mbili nikidhani nimeshika gazeti juu chini. Aliyependwa na wengi anafungasha, aliyependwa na wachache anachagua mapazia ya Ikulu. Kama huu ungekuwa uchaguzi wa mwenyekiti wa kwaya, watu wangerushiana viti.

Vesterby: Marlys themanini na nne. Duane themanini na nne.

Alhamisi, 9 Novemba

Wamehesabu tena mara mbili. Themanini na nne, themanini na nne.

Nimerudi nyumbani. Marlys amekaa na daftari lake la ahadi. "Themanini na tano pamoja na yangu, na wote waliniangalia machoni," alisema. "Mmoja amenidanganya. Mmoja tu, Arvid." Anaweka tiki kwenye kila jina, kisha anaifuta. Langu alilipita bila kusimama. Ndilo lenye tiki kubwa kuliko yote.

Nikamwambia huenda ni Ardis Quammen. Sijui jina hilo lilitoka wapi. Labda ni kile kicheko chake cha mkahawani. Nikasema nilimwona akiongea na Duane karibu na benki. Ambayo ni kweli, mwaka jana.

Marlys alisema haiwezekani, Ardis ndiye aliyemshika mkono mama mkwe wangu akikata roho. Halafu akaliangalia lile jina muda mrefu.

Viazi kwenye friza vilikuwa vitamu.

Jumapili, 12 Novemba

Ardis alimletea Marlys sinia la keki za tufaha baada ya ibada. Marlys alimwambia ahsante, leo hana njaa. Kwetu mtu akikataa keki yako ya kanisani, ni kama amekufungia mlango. Chumba kizima cha chini ya kanisa, tunakonywea kahawa, kilisikia. Ardis alisimama na sinia lake mbele ya mashine ya kahawa, akalifunika tena kwa kitambaa, akakibana pembe zote nne.

Mimi nilikula moja tulipokuwa kwenye maegesho. Niliona ni vizuri kuwe na mtu wa kupatanisha.

Jumanne, 14 Novemba

Sheria inasema kura zikilingana, mshindi apatikane kwa bahati. Karani wa mji ameandika majina mawili, akayakunja, akayatia kwenye kopo la kahawa la kanisa. Watu arobaini walikuja ofisi ya mji kuangalia. Karani alifumba macho, akachovya mkono.

Duane Kjos.

Duane mwenyewe alishtuka. Alimpa Marlys mkono akasema, "Mama, samahani, nilitaka kukushinda vizuri." Marlys akampongeza. Kisha akaenda chumba cha pili akafungua maktaba, kwa sababu ilikuwa saa nne na ndiyo saa ya kufungua.

Nilijaribu kumfariji. Nikamwambia hii ndiyo Marekani, kopo la kahawa linachagua meya na watu kumi wanachagua rais, mwananchi wa kawaida hana chake. Nikasema tatizo ni mfumo. Aliendelea kupanga vitabu vilivyorudishwa. Vilikuwa viwili.

Jumatano, 15 Novemba

Marlys amefua nguo zangu. Nina miaka thelathini na tano ya ndoa na bado sijajifunza kutoa pochi kwenye suruali.

Leseni aliiweka mezani, picha juu. Alinisubiri nikiwa nakunywa kahawa. Nikamwambia naweza kueleza. Akasema nieleze. Nikaeleza wajumbe, matangazo kumi na saba, majimbo yanayokabana koo, siku ishirini na nane. Nilieleza vizuri kuliko nilivyowahi. Hakunikatiza.

Nilipomaliza akasema, "Ulikwenda kutafuta pahali kura yako ihesabike. Hapa ilikuwa inahesabika, Arvid. Hapa tu, katika dunia nzima. Na mimi niliiomba."

Nikasema lakini lazima akubali kwamba kimsingi mfumo si wa haki.

Akachukua funguo za gari akaenda kwa Ardis. Alikaa huko mpaka saa tisa. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na lile sinia alikuwa nalo yeye. Akaniambia kwa kuwa mimi ni mtu wa Wisconsin, niende nikalale Wisconsin.

Jumanne, 19 Desemba

Trela. Baridi kali. Maji ya kunywa yameganda kwenye kikombe.

Leo wajumbe wote wa nchi wanakutana kwenye majimbo yao kupiga kura zenyewe. Hizi ndizo zinazomfanya mtu rais, zetu zilikuwa mazoezi. Nilipata namba ya mmoja wao, Bi Phyllis Wendorf, mjumbe wa Wisconsin. Mpango: nimweleze kwa dakika tano kwamba watu wengi zaidi nchini walimtaka mwingine, abadilishe kura yake, na wenzake wamfuate.

Alikuwa ndani ya gari akielekea mji mkuu wa jimbo. Alinisikiliza kwa adabu. Akasema jimbo lake lilimtuma jina moja na hilo ndilo atakaloandika. Kisha akaniuliza mimi ni nani. Nikasema mpiga kura wa Wisconsin. "Basi wewe ulishahesabiwa, ndugu yangu," alisema, "na uvae koti huko nje, naambiwa theluji inakuja."

Nikampigia Marlys kumweleza kuhusu kikombe. Akasema nirudi nyumbani kabla sijafia kwenye samaki. Nilale chumba cha wageni. Hii ni dalili njema.

Jumamosi, 20 Januari

Rais ameapishwa. Nimeangalia yote kwenye televisheni. Alisema ametumwa na wananchi. Nilizima sauti.

Baraza la mji lilikaa wiki iliyopita kuhusu maktaba. Tatu kwa mbili, ifungwe. Ile kura ya tatu ni ya Duane. Tangu asubuhi Marlys na Ardis wanabeba maboksi ya vitabu kutoka kwenye gari mpaka gereji yetu. Thelathini na moja. Hawaongei sana. Mara moja Ardis alikaa juu ya boksi na Marlys akamkalia karibu, wakashikana mikono na glavu zao. Ningewasaidia, lakini mgongo.

Marlys amesema atagombea tena baada ya miaka miwili. Alikuja mpaka kwenye kochi kuniambia. Alisimama mbele ya televisheni. "Safari hii nitahesabu kuanzia moja," alisema, "na hiyo moja ni wewe." Nimemwapia, mkono kifuani. Nilikuwa namaanisha kila neno.

Ila nimesoma jambo la kushangaza. Kule Nebraska wajumbe hawazolewi wote! Mji wa Omaha na viunga vyake vina mjumbe wao peke yao, na kila mara ni kukabana koo. Mtu mmoja tu anatosha kuugeuza mji, na mji kuigeuza nchi. Mbunge wao naye anachaguliwa baada ya miaka miwili, na watu wanasema itakuwa kura chache sana. Kwa mtu makini, miaka miwili ni muda mzuri wa kuzoea mahali.

Gordy amesema trela nilichukue bure, mradi nitoe ile harufu uani kwake. Nahitaji gereji ya kuliweka. Nimetoka nikawauliza kama yale maboksi yanaweza kusogezwa, au hata kukaa nje chini ya turubai.

Marlys akauliza trela la nini tena.

Nikamwambia asihangaike. Paa lake linavuja.